Noeli ya Ugenini katika Mwambao wa Ziwa Letu



Miaka michache iliyopita, jioni ya siku ya Noeli, tulipita karibu na nyumba moja hapa Sengerema tukamkuta kijana mgeni, aliyetoka Ulaya kuja kufanya kazi ya kujitolea wilayani kwetu, ameketi barazani peke yake na sahani ya wali uliokwisha kupoa. Asubuhi alikuwa nasi kanisani. Baada ya Misa watu wengi walimpa mkono na kumtakia heri ya sikukuu, watoto wakamzunguka, akapigwa picha. Kisha kila familia ikaenda kwake. Tulipomwuliza alikula kwa nani, alitabasamu tu. Hakuna aliyemwalika, kwa kuwa kila mmoja wetu, nasi mapadre tukiwa wa kwanza, alidhani kwamba mgeni huyo amekwisha kualikwa na mwingine.

Jambo hilo halijatutoka moyoni. Ndiyo sababu juma hili, badala ya kuyapitia masomo ya Dominika kama ilivyo kawaida yetu, tumeona vema tuwarudishe nyuma katika historia, tuitazame Noeli ya mtu aliye mbali na kwao. Historia hiyo haiko mbali nasi. Sehemu kubwa yake ilitendeka ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo wengi wetu tunapita tukienda Mwanza.

Tumezoea kuiona Noeli kama sikukuu ya kurudi nyumbani. Mwezi wa Desemba ukifika, mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa. Wafanyakazi, wanafunzi na wafanyabiashara hurudi kwa wazazi wao. Kwa miaka mingi safari hiyo iliishia kwenye foleni ndefu ya kivuko pale Kigongo, watu wakihesabu magari yaliyo mbele yao na kuomba wavuke kabla ya Misa ya mkesha. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na Noeli ya mwaka huo ilikuwa ya kwanza kwa watu wetu kuivuka ghuba kwa dakika chache tu. Tulifurahi pamoja na wote waliofika mapema. Lakini tukiwauliza wale walioiadhimisha Noeli ya kwanza katika nchi hizi, tutaona kwamba kwao haikuwa sikukuu ya kurudi popote. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nyumbani.

Kwenye mwambao wa bahari, Wareno walitangulia. Mwaka 1497 mabaharia wa Vasco da Gama walipita kusini mwa bara letu siku za Noeli, wakaiita nchi waliyoiona Natal, yaani Noeli kwa lugha yao; miezi michache baadaye, Aprili 1498, walikuwa Mombasa na Malindi. Walipita tu. Zaidi ya karne tatu na nusu baadaye, tarehe 22 Desemba 1860, Padre Armand Fava na wenzake, mapadre na masista, waliteremka Unguja wakitoka kisiwa cha Réunion. Walikuwa na siku tatu tu za kufungua masanduku kabla ya sikukuu. Kazi yao ikachukuliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka na kujenga Bagamoyo. Neno lenyewe tunalolitumia, Noeli, ni la Kifaransa, kama lilivyo la Kiingereza lile la Krismasi wanalolitumia ndugu zetu wengi wa madhehebu mengine. Kwa hiyo hata jina la sikukuu tunalolipenda hivi liliingia nchini mwetu likiwa geni.

Sasa tuje ziwani.

Mahali panapoitwa Kageye, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, palikuwa lango la ziwa kwa wageni wa karne ya 19. Stanley alifika hapo mwezi Februari 1875, na alipokuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake, Mwingereza mmoja wa msafara wake, Frederick Barker, alifariki kwa homa akazikwa hapo hapo. Miaka miwili baadaye wakaja wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS. Wawili kati yao, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe mwezi Desemba 1877. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro, akiwa katika ugomvi na mtawala wa kisiwa, Lukonge, alikimbilia kwao, nao hawakukubali kumtoa. Walikufa pamoja naye. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa baada ya miaka kumi na mmoja tutaliona likirudi kwa sura nyingine.

Mwaka uliofuata ndio walipokuja wale waliotuletea imani yetu sisi Wakatoliki wa ziwa. Walikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers kwa ajili ya kanzu zao nyeupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kumi waliondoka Ulaya mwezi Aprili 1878, wakafika Unguja mwishoni mwa Mei, na katikati ya Juni wakaanza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Mwezi Agosti walimzika mmoja wao, Padre Joachim Pascal, porini, kabla hawajafika Tabora. Huko Tabora waligawanyika: baadhi walishika njia ya Tanganyika, na watano wakaelekea kaskazini kwenye ziwa letu. Watano hao walikuwa Padre Léon Livinhac, Padre Ludovic Girault, Padre Siméon Lourdel, Padre Léon Barbot, na Bruda Amans.

Walifika Kageye siku za mwisho za Desemba 1878. Maana yake ni kwamba Noeli yao ya kwanza katika nchi ya Wasukuma iliwapita wakiwa safarini, wakati ambapo mvua hunyesha na wenyeji wako mashambani na majembe yao. Hatuna haja ya kuipamba. Msafara wa siku zile ulikuwa na wapagazi waliochoka, homa, hongo ya kulipa kwa kila mtemi, na chakula kisichotosha. Mfaransa wa kijijini aliyezoea kurudi kutoka Misa ya usiku wa manane na kuketi na ndugu zake kwenye mlo mkubwa karibu na moto, aliipata Noeli hiyo pasipo kanisa wala ndugu, na pasipo hata baridi ya kumfanya autamani moto. Lourdel alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Mwezi Januari yeye na Bruda Amans waliingia katika mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakatia nanga Uganda.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia habari za wageni wa Kizungu pekee, na hivyo ndivyo zinavyosimuliwa mara nyingi. Lakini Noeli tunayotaka kuiangalia kwa makini zaidi ni ile ya mwaka 1888, na mahali pake ni Bukumbi.

Anayevuka daraja kutoka Busisi na kushika njia ya Mwanza hupita karibu na Bukumbi, katika wilaya ya Misungwi. Mapadre walianzisha misheni hapo mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda kwa kuogopa hatari zilizokuwa zikizidi katika ikulu ya Kabaka Mutesa. Bukumbi ikawa kama ghala na hospitali ya ziwa zima: barua zilipitia hapo, wagonjwa waliletwa hapo, na watoto waliokombolewa kutoka utumwani walilelewa hapo. Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga aliwaita mapadre warudi. Yaliyofuata twayajua, maana twayakumbuka kila mwaka tarehe 3 Juni. Mwezi Novemba 1885 Kabaka Mwanga aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe auawe; mwezi Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Hao walikuwa wakatekumeni na wabatizwa wa mapadre hao hao. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliwafahamu mmoja mmoja kwa majina na sura.

Mwezi Septemba 1888 mambo yaligeuka. Mwanga alipinduliwa, akakimbia kwa mitumbwi na vijana wachache. Mwezi Oktoba, katika mapinduzi ya pili, Wakristo wote walifukuzwa kutoka mji mkuu. Wamisionari, Wakatoliki na Waanglikana, waliokuwa wakishindana kwa miaka kumi wala hawakupendana sana, walifungwa pamoja, wakavuliwa mali zao pamoja, na hatimaye wakapakiwa katika mashua moja ya Waanglikana iliyoitwa Eleanor, pamoja na vijana wao wa misheni. Njiani kiboko aliitoboa mashua. Watoto kadhaa walizama. Waliosalia waliitengeneza mashua katika kisiwa, wakaendelea kusini polepole, na mwezi Novemba wakafika upande wetu wa ziwa. Waanglikana wale walipokelewa na mapadre Wafaransa wa Bukumbi, wakapumzika, kisha wakaenda zao kwa Alexander Mackay, mwenzao aliyekuwa na kituo chake Usambiro.

Hebu tuitafakari nyumba ile ya Bukumbi katika Majilio ya mwaka 1888. Walikuwamo Wafaransa waliopoteza misheni yao. Walikuwamo vijana wa Kiganda, waliotoka katika nchi ya migomba na mji wa kifalme, sasa wanakula uwele na mtama wa Usukuma na hawajui kama mama zao wangali hai. Walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, ambao baadhi yao hawakukumbuka tena kijiji walikozaliwa. Wasukuma wa Bukumbi ndio waliokuwa wenyeji, na kwa sehemu kubwa walikuwa bado hawajabatizwa; sikukuu haikuwa yao, ila ardhi na maji na chakula vilikuwa vyao. Katika nyumba hiyo kila aliyejua maana ya tarehe 25 Desemba alikuwa mkimbizi, mtumwa wa zamani au mgeni.

Kisha akaja mgeni mwingine.

Mwanga alikuwa ameangukia Magu, upande wa mashariki wa ghuba ya Mwanza, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu waliomnyang'anya silaha na mali yake na kumweka kama mfungwa. Katika miezi hiyo ya mwisho wa 1888 na mwanzo wa 1889 alipata njia ya kutoka, akaenda Bukumbi kuomba hifadhi kwa mapadre. Nao wakampokea.

Tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara tunasimama mahali hapo. Aliyebisha hodi ndiye aliyetoa amri ya Namugongo. Haikuwa imetimia hata miaka mitatu. Ndani ya boma la misheni walikuwamo vijana waliowapoteza marafiki na ndugu zao katika moto ule. Askofu Livinhac, aliyekuwa amewekwa wakfu mwaka 1884, na Padre Lourdel walijua vema kila kitu. Wapo wanaosema kwamba mapadre walipiga hesabu za siasa, wakaona kwamba mfalme aliyeanguka anaweza kurudi, na kwamba atakayemhifadhi leo atakumbukwa kesho. Hatuna sababu ya kukataa kwamba fikra hizo zilikuwapo. Wamisionari walikuwa binadamu, na mwaka 1889 Mwanga aliondoka kweli Bukumbi kwa mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes, akapigania kiti chake akakipata tena. Lakini fikra za siasa hazitoshi kumweleza kijana wa Kiganda aliyempelekea Mwanga maji ya kunawa. Yeye hakuwa na siasa ya kutafuta. Alikuwa na msiba wake, na alikuwa mgeni katika nchi ile sawasawa na yule aliyemletea msiba huo.

Tukumbuke tena wale Waanglikana wawili wa Ukerewe, waliokufa kwa kukataa kumtoa mtu aliyewakimbilia. Katika ziwa hili, desturi ya kumhifadhi aliyebisha hodi ilikuwa na gharama, na wenyeji waliijua tangu kale kabla ya misheni yoyote. Ntemi aliyempokea mkimbizi alijua kwamba anaweza kuwa anapokea vita. Wamisionari hawakutufundisha sisi Wasukuma ukarimu. Waliukuta, wakaula chakula chake, na wengine wao wakauiga vizuri.

Mwanga naye hakufa nyumbani. Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli, na huko ndiko alikofia mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli. Padre Lourdel alifariki Rubaga mwezi Mei 1890. Padre August Schynse, Mjerumani aliyekuwa amesafiri na Stanley hadi pwani kisha akarudi, alifariki Bukumbi mwezi Novemba 1891, majuma machache kabla ya Noeli, akiwa na umri wa miaka 34.

Wamisionari waliofuata waliishi muda mrefu zaidi, na hao ndio waliotuachia sura ya Noeli tunayoijua. Hapa tunaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo huenda likawachekesha wengine.

Huko kaskazini, Desemba ndio mwezi wa giza. Jijini Amsterdam mchana wa siku za Noeli hauzidi saa nane. Watu hutoka kazini taa zimekwisha kuwashwa. Hapa kwetu, nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo picha za mishumaa, za moto wa jikoni na za miti isiyopukutisha majani wakati wa baridi zilikuwa na maana kubwa kwa Mjerumani, Mfaransa na Mholanzi. Zilimweleza kwamba nuru imekuja wakati wa usiku mrefu. Alipofika Usukuma mwezi wa Desemba akakuta kila kitu ni kibichi, jua kali asubuhi na radi jioni, alishika alichoweza kukishika: alikata tawi la mti, akalisimamisha karibu na pango, na kwa kuwa theluji haikuwapo, akaweka pamba.

Pamba! Katika nchi ambayo pamba ilikuwa ndiyo fedha. Hapa mkulima aliipanda mwishoni mwa mwaka na kuivuna katikati ya mwaka uliofuata, akaipeleka chamani; hapa mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliunda Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika uliokuwa fahari ya wakulima wa ziwa zima. Nasi tukiwa watoto tuliiweka pamba ile juu ya matawi bila kuuliza inawakilisha nini. Wengi wetu tulidhani ni pambo la heshima, kana kwamba tunamtolea Mtoto Yesu mavuno yetu. Tulipokuja kuelezwa kwamba ni theluji, tulisikitika kidogo. Kwa maoni yetu ile maana ya watoto ilikuwa bora kuliko ya watu wazima.

Na kuna mti mwingine. Mitaani Mwanza na hata hapa Sengerema, mwezi huu kuna miti iliyojaa maua mekundu, ambayo watu wetu wanaiita mkrismasi. Hatukuagizwa na mtu kuiita hivyo. Maua yake hutokea wakati wa sikukuu, na watu wakaupa mti jina. Wataalamu wa mimea hutuambia kwamba asili yake ni Bukini. Mti huo nao ulikuja kwa meli.

Wapo waliokwenda mbele zaidi ya matawi na pamba. Padre David Clement, mwana wa Quebec huko Kanada, ambako theluji ya Desemba hufika kiunoni, alikaa miaka mingi Bujora, akajenga kanisa lenye sura na alama za kitemi za Kisukuma na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma yaliyopo mpaka leo. Mtu anayeingia Bujora hakuti pamba iliyofanywa theluji. Anakuta ngoma.

Katika wilaya yetu, ugeni wa Noeli ulikuwa na lafudhi ya Kiholanzi. Askofu Joseph Blomjous, aliyeliongoza Kanisa la Mwanza tangu mwaka 1946 hadi 1965, alikuwa Mholanzi, na hospitali yetu ya Sengerema iliyoanza mwaka 1959 ilipokea kwa miongo mingi madaktari na wauguzi kutoka nchi hiyo. Watoto wa Uholanzi hupata zawadi zao usiku wa tarehe 5 Desemba, mkesha wa Mtakatifu Nikolai. Tarehe 25 ni ya kanisa na ya kula na jamaa. Daktari wa Kiholanzi aliyekuwa zamu siku ya Noeli aliacha kitu chake mara mbili katika mwezi mmoja. Wazee wanaomkumbuka daktari aliyewafanyia upasuaji usiku wa sikukuu humtaja kwa shukrani; ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza daktari huyo alikula nini alipotoka chumba cha upasuaji. Tunajihesabu sisi wenyewe miongoni mwa wasiojiuliza.

Tusidhani kwamba mgeni ni Mzungu tu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kwenye ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Ni Noeli zaidi ya sitini katika nchi ambayo hakuzaliwa, na lugha ya mama yake hakuwa na mtu wa kuizungumza naye. Alioa huko, akapata watoto, akazikwa huko. Watu wa Karema hawamwiti mgeni.

Siku hizi safari imegeuka. Padre Laurean Rugambwa wa Bukoba alipokuwa masomoni Roma kati ya mwaka 1948 na 1951, Waafrika katika vyuo vile walikuwa wachache. Akiwa huko, Papa Pius XII alifungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei katika mkesha wa Noeli wa mwaka 1949. Leo mapadre na masista wetu wako Roma, Ujerumani, Marekani, na kuna parokia za Ulaya ambazo bila padre Mwafrika zisingekuwa na Misa ya mkesha. Watoto wa waumini wetu ni wauguzi, wanafunzi, walezi wa wazee katika nchi ambazo jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenzao wenye familia huomba ruhusa siku za Noeli, nao, kwa kuwa hawana pa kwenda, huchukua zamu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alituambia kwamba mwanawe humpigia simu siku ya Noeli akiwa amesimama nje katika baridi, ili wenzake ndani wasimwone akilia. Mama huyo humsimulia kila kitu: nani amekuja, nani hakuja, pilau ilikuwaje, mbuzi alichinjwa na nani. Humsogezea simu mpaka kwenye sufuria asikie mafuta yanavyolia.

Tulimwuliza mama huyo kama kule aliko kuna mtu anayemwalika mwanawe kula. Akasema, mwaka wa kwanza hakuna. Mwaka wa pili bibi kizee jirani, asiyejua hata matamshi ya jina lake, aligonga mlango akiwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Mama anamwombea bibi huyo katika kila Misa kwa jina ambalo naye hajui kulitamka vizuri.

Basi, ndugu wapendwa, halmashauri ya walei imekubali ombi letu. Mwaka huu, baada ya Misa ya pili ya Noeli, patakuwa na chakula katika ukumbi wa parokia kwa ajili ya kila aliye mbali na kwao: walimu na wauguzi waliopangiwa kazi hapa kutoka mikoa mingine, vijana wa machimbo, wavuvi wa kambini wasioweza kurudi kwao, wanaouguza wagonjwa hospitalini, na wageni wa kutoka nje ya nchi. Hatuulizi dhehebu wala dini. Kila jumuiya ndogondogo ilete mchele kilo tano na kuni, na jumuiya za kando ya ziwa zilete samaki. Wanaojua Kisukuma waketi katikati ya wasiokijua. Vyombo vya parokia havitoshi, kwa hiyo kila familia ilete sahani mbili za ziada, na majina yaandikwe nyuma ya sahani ili zisipotee kama zilivyopotea kwenye sherehe ya Kipaimara.

Orodha iko kwa katekista. Kama unamfahamu mtu aliye peke yake, usiseme kwamba wengine watakuwa wamekwisha mwambia. Mwandike jina.